Mdomo wa Kiden

Jumatatu, 5 Mei

Mvua asubuhi. Nimefungua meza nikiwa nimechelewa, nikapanguza earphone kwa shati langu. Abdi, Msomali mwenye duka na hii veranda, amesema shati ndiyo inachafua earphone. Ana haki.

Kiden yuko kwa cherehani yake upande ule wa veranda, tumbo limefika mezani kabla yake. Mimi nauza vitu vya masikio, jirani yangu ni kiziwi. Mungu naye anapenda mzaha.

Leo mteja amekuja na sketi, analia ati ni fupi. Kiden akasema kwa mikono: urefu ni ule ulioutaka. Mimi nikamwambia mteja, anasema sketi haijafupika, ni wewe umeongezeka. Mtaa wote wa Hai Cinema ukacheka. Kiden hakucheka. Anasoma sura za watu kama wengine wanavyosoma gazeti. Akauliza nimesema nini. Nikasema, ulichosema. Akanirushia chaki. Ukiongeza chako, akasema, huyo si mimi tena.

Nimekubali. Kesho nitasahau.

Abdi aliniona naandika. Anasoma Kiswahili kuliko mimi, huyo mtu wa Garissa. Daftari sasa linalala chini ya boksi la chaja.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeenda kliniki ya wajawazito na Kiden. Alishaenda peke yake, akarudi bila kuonwa. Pale wanaita majina kwa sauti. Hasikii, zamu inapita, mwisho wanamwambia amechelewa. Mtu aliyefika wa kwanza kwenye benchi.

Leo nilikaa hapo na masikio yangu. Wakaita Kiden, nikasimama mimi. Wanawake wakaniangalia. Nikashika tumbo langu, nikatembea kama bata. Wakacheka. Nesi hakucheka.

Huyo nesi amevaa maski, kwa hiyo Kiden haoni hata mdomo. Na hamwangalii. Ananiuliza mimi: anakula? mtoto anacheza? damu imetoka? Kiden akasema, mwambie mwenye tumbo ni mimi. Nikamwambia hivyo hivyo, bila chumvi. Akaendelea kuandika. Halafu akauliza, hata huyu naye kuna mwanaume alimtaka?

Hiyo nikaificha. Kiden aliiona usoni kwangu. Akasema, sema. Nikasema. Akaingiza mikono ndani ya leso, hakuitoa mpaka tulipofika verandani. Kiziwi akinyamaza ni hivyo.

Namchukia yule nesi. Naandika hapa kwa sababu pale nilimwambia asante.

Jumanne, 13 Mei

Mama Wani amekuja verandani. Ni mama mkwe wa Kiden, anakaa nao mtaa wa Juba Na Bari. Kiswahili chake ni cha Koboko, Uganda, alikokimbilia vita. Alisimama akaangalia mikono yetu. Kiden alikuwa ananisimulia habari ya kuku wao, nilikuwa nacheka. Nikanyamaza. Nikaonekana kama mtu aliyefanya kitu.

Akasema mimi na Kiden tunacheka sana. Akasema mke wa mtu hacheki hivyo na mwanaume mwingine, na mbaya zaidi hakuna anayejua tunasema nini. Nikamwambia, Mama, tunasema habari ya kuku wako. Ilikuwa kweli. Ikasikika kama tusi.

Sipendi anavyoniangalia. Ananiangalia kama mwizi ambaye bado hajaiba.

Mtoto wake Wani, mume wa Kiden, ni fundi wa kuchomelea mageti. Si mbaya. Maneno ya Kiden anayoyajua ni kula, maji, njoo, lala. Hilo la mwisho ndilo lililoleta tumbo.

Na mimi maneno ya mikono sikuenda kuyasomea. Kule kambi ya wakimbizi, Kenya, mama yangu alinipeleka nikae na ndugu yangu Lado shuleni, darasa la viziwi, asipotee. Miaka yangu yote ya shule ni hiyo. Nilikuwa mwenye masikio peke yangu, na nikawa wa mwisho. Kiden alikuwa wa kwanza. Ndiye aliyenipa jina langu la mikono: unagonga meno yako kwa kidole, mara mbili. Kwa sababu meno yangu hayajui kukaa ndani.

Ijumaa, 16 Mei

Thongpiny, mtaa wa maofisi. Kuna ofisi ina mama mjamzito amechorwa kwenye geti. Nimesikia wana mkalimani wa viziwi, mwanamke, amesoma, ametoka Kampala. Huyo ataingizwa chumba cha kuzalia. Mimi nitafukuzwa. Kwa hiyo nimeenda kumwomba.

Askari wa geti kwanza. Halafu kijana mwenye kitambulisho shingoni. Akaniuliza nimesomea wapi lugha ya alama. Nikasema, darasa la uji, kule kambini. Hakucheka. Leo hakuna aliyecheka, siku mbovu.

Akasema mkalimani yuko warsha, hoteli ya hapo karibu, wanazungumza habari ya mama viziwi kujifungua. Nikauliza, mama viziwi wako wangapi huko ndani? Akasema warsha ni ya wadau.

Amechukua namba yangu, amenipa ya mkalimani. Ameahidi siku ikifika mkalimani atakuja. Kiden akauliza, una hakika? Nikasema ndiyo. Sina.

Jumatano, 21 Mei

Mchana hakuna mteja. Kiden akaniita kwa kupiga meza. Akanisimulia rafiki yake kiziwi aliyezaa mwaka juzi. Uchungu ulipokuja alirusha mikono, manesi wakasema anapigana, wakamfunga kitandani, kulia na kushoto. Alikuwa anaongea. Alikuwa anawaambia mtoto anatoka.

Halafu akasema, siku yangu utakuwa mdomo wangu. Utasema ninachosema. Usiongeze, usipunguze.

Nikaapa. Nikataka kuweka mzaha mdogo mwishoni, nikaumeza. Ulikuwa mzuri pia.

Ninaogopa. Sijui kwa nini, si mimi ninayezaa.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika yote ya jana kabla sijaanza kujidanganya.

Wani alinipigia asubuhi. Hanipigii kamwe. Akasema kuja, akakata. Nikachukua raksha ya magurudumu matatu mpaka hospitali. Mlangoni mwa chumba cha kuzalia mkunga akanisimamisha, mama mkubwa, mikono ya kubeba magunia. Mwanaume haingii. Nikasema mimi ni mdomo wa yule mgonjwa. Akasema basi mdomo ungoje nje, mume mwenyewe yuko nje.

Nikampigia mkalimani. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka mama anayeuza chai hapo nje akaniambia ile simu nayo imechoka.

Nikazunguka nyuma. Kuna dirisha la kioo, na kitanda cha Kiden kiko pale karibu. Nikaazima kreti ya soda, nikapanda. Akaniona. Akacheka, jasho linamwagika. Hapo tuliwashinda wenye masikio wote wa Juba, dirisha limefungwa na sisi tunaongea.

Lakini dripu wameiweka mkono wa kulia na kuufunga kwenye kibao. Huo ndio anaongea nao. Ikabidi wa kushoto ufanye kazi ya miwili. Maneno yalitoka yamepinda. Nikayaelewa. Akauliza, huyu mama anasema nini? Basi nikaanza kazi. Sauti ya mkunga kwa kioo ni kama ya mtu kisimani, lakini ana sauti. Anasema geuka, mimi napeleka geuka. Anasema usisukume, napeleka. Akaniona. Mkunga akaja na ufagio akagonga kioo. Nikainama, nikasimama tena. Akagonga tena. Baadaye akaacha. Hakunipenda, aliona tu mgonjwa anageuka akiambiwa geuka. Akafungua hata kioo kidogo.

Mchana mkunga akatoka kwa Wani. Mtoto amelala kwa upande, hawezi kutoka kwa njia yake. Ni kupasua, na ni sasa, mtoto anachoka. Wani atie sahihi. Wani akamwangalia mama yake. Mama Wani akasema hapana.

Alisema mtoto hawezi kulala kwa upande bure. Tangu zamani kwao, mwanamke akikwama kuna mwanaume amefichwa. Akitaja jina, njia inafunguka. Ukikata kabla ya jina, unazika wawili. Mkunga akamfokea, akasema mama, nimezalisha watu mpaka watoto wao, sijaona jina linafungua mtu. Mama Wani akakaa chini mlangoni na miguu yake mirefu. Wani ameshika kalamu. Kalamu haiandiki. Nilimchukia kwa ile kalamu kuliko nilivyomchukia mama yake.

Halafu Mama Wani akainuka, akanifuata nyuma kwenye kreti, na watu wote wakamfuata yeye.

"Wewe iko mdomo yake," akasema. "Uliza yeye. Jina."

Akanikazia macho. Nilijua anangoja jina gani.

Nimeapa nitasema yote, ya kwake na ya kwao. Nikamwuliza Kiden. Mikono yangu iliona haya. Aliniangalia kwanza, halafu ule mkono wa kushoto ukasema, polepole: mwambie mwanaume ni mmoja, anaitwa Wani, na siku ile alipiga kelele mpaka majirani wakaamka. Ni mimi peke yangu sikusikia.

Nikasema hivyo hivyo, kwa sauti. Wanawake wakapasuka kwa kicheko, hata mama wa chai akaweka birika chini. Wani akaangalia viatu vyake. Mama Wani akangoja wamalize.

"Hiyo ni maneno yako," akasema. "Sisi yote tunakujua."

Na ni kweli wananijua. Hapo ndipo iliponichoma. Angesema mtu mwingine, wangemsikia Kiden. Nimesema mimi, wakanisikia mimi, Taban na meno yake.

Mkunga akatoka tena. Sasa hafoki. Anaongea chini chini, na hiyo ilinitisha zaidi. Nikageukia dirisha. Kiden akasema, nimechoka. Halafu akafumba macho. Nikagonga kioo, ujinga, nikapunga, nikamulika tochi ya simu usoni kwake. Hakufungua. Mtu mwenye masikio hata akifumba macho utamwita. Kiziwi akifumba, umebaki nje.

Nikashuka kwenye kreti.

"Amesema," nikawaambia. "Ni Jon. Dereva wa lori, Mkenya. Amesharudi kwao."

Sijui huyo Jon alitoka wapi. Nilitafuta mtu ambaye hayuko. Ambaye hayuko hapigwi. Ningejitaja mimi, Wani angenimaliza palepale, na nani angerudi dirishani. Pia niliogopa. Hiyo ya pili ndiyo sababu hasa.

Mama Wani akashusha pumzi kama mtu aliyetua kuni. Akaomba maji, akaingia, akamnyunyizia Kiden tumboni. Kiden hakuona. Wani akatia sahihi bila kumwangalia mtu. Wakamsukuma Kiden kwenye mlango wa ndani.

Ni msichana. Mzima. Leo asubuhi nimewaona kupitia dirisha. Mtoto alikuwa analia, na Kiden ameweka kiganja kwenye kile kifua kidogo, anasikiliza.

Wako hai. Nimevunja kiapo. Sijui ningeandika lipi kwanza.

Jumatatu, 26 Mei

Saa ya kuona wagonjwa wanaume wanaruhusiwa. Nimepeleka sabuni na sukari.

Mwanamke wa kitanda cha pili alimwangalia Kiden, akashika usukani wa hewani, akakata kona, akacheka. Mfagiaji alipita, naye akaendesha. Jirani wa Juba Na Bari aliyekuja kumsalimia, naye. Miaka yote hii hakuna mmoja aliyejifunza neno moja la Kiden. Sasa wamejifunza moja, wote, kwa siku mbili.

Kiden akaniuliza, usukani ni nini?

Nikasema sijui.

Akaniangalia uso. Nikajifanya naangalia mtoto. Mtoto hana jina bado. Jina halihitaji kikao, kwao msichana wa kwanza ni Poni, hata mbuzi wanajua. Ila bibi hataki kulitoa mdomoni. Anasema "hiyo ya Mkenya."

Sikulala vizuri. Nilicheka na wateja siku nzima.

Jumamosi, 31 Mei

Abdi amenipa habari kama anavyonipa chenji, bila kuniangalia. Wani amempata Jon.

Nikasema haiwezekani. Abdi akasema, kwa nini haiwezekani?

Jana Wani na vijana wawili wa pale anapochomelea walikwenda maegesho ya malori, wakauliza Mkenya anaitwa Jon. Bila shaka yuko. Kule Majon ni wengi kama kunguru. Wakampiga mpaka madereva wenzake wakatoka na vyuma.

Nimeenda kumwona. Jicho limefungwa, limekuwa kama nyanya. Kijana mdogo, ameleta simenti, ni safari yake ya kwanza Juba. Anasema hawa watu walikuwa wanamwuliza habari ya mwanamke, naye hajui mwanamke hata mmoja hapa, hajui hata njia ya choo. Nikamnunulia soda. Akanishukuru, akaniita ndugu yangu.

Nilitunga mtu, mtu akapatikana. Najisikia mavi.

Jumapili, 1 Juni

Juba Na Bari, baada ya kanisa, nikidhani wameshiba maneno ya Mungu.

Kiden kwanza. Alikuwa kwenye mkeka nje ya tukul, kibanda cha kupikia, mtoto kifuani. Nikakaa anapoona mikono yangu. Nikamwambia yote: kalamu, macho yake yalivyofumba, Jon, usukani, kijana wa simenti. Sikuweka hata chembe ya utani.

Nilipomaliza akasema, "Niliposema kweli hawakuniamini. Ulipodanganya kwa jina langu, wakaniamini."

Nikasema ungekufa. Akasema najua. Nikasema mtoto angekufa. Akasema najua hiyo pia. Halafu akaniambia rafiki yake walimfunga mikono kwa kamba, lakini kamba inaonekana.

Akafumba macho. Si kwa uchovu. Akayafumba mbele yangu akakaa hivyo, uso umenielekea. Nimefukuzwa na mapolisi, na askari wa mageti, na ufagio juzi. Hakuna aliyewahi kunifukuza hivyo.

Nikaingia kwa Wani na mama yake. Nikasema hakuna Jon. Nilitunga. Alichosema Kiden ni kile cha kwanza, cha kelele.

Mama Wani hakukasirika. Alinionea huruma, ndiyo ilikuwa mbaya.

"Kama hiyo ilikuwa uongo," akasema, "mtoto alitokaje?"

Nikasema kwa kisu. Akasema kisu kilikuwa pale tangu asubuhi. Nimetembea njia yote kurudi natafuta jibu.

Wani ndiye aliuliza, na yule dereva? Nikasema yule hajui lolote, anaitwa Jon tu. Nikaona linamwingia polepole. Aliangalia ngumi yake. Halafu akanipa.

Jino la mbele limeenda. Ningekuwa yeye ningepiga mawili. Kwa viziwi mimi naitwa Meno. Jina limepungua.

Jumatano, 4 Juni

Wateja wananiangalia pengo. Nawaambia jino nimelikopesha. Wanacheka. Mimi sicheki.

Jon amerudi Kenya na lori lake. Abdi anasema kabla kijana hajaondoka, Wani alikwenda kule peke yake na mbuzi, akaomba msamaha. Hakumwambia mama yake. Kijana akachukua mbuzi. Ningekuwa mbuzi huyo ningeshangaa safari.

Veranda bila cherehani ina kelele mbaya. Kelele za watu tu.

Jumanne, 1 Julai

Kiden amerudi. Mtoto mgongoni, bado anatembea ameinama kidogo upande wa mshono. Wani alimletea cherehani kwenye mkokoteni, akaiweka pale pale pa zamani, inaangalia barabara, inaniangalia mimi. Kiden akatikisa kichwa. Akaonyesha ukuta. Wani hakuelewa. Kiden akashika meza mwenyewe, akaigeuza. Wani akamsaidia.

Sasa anashona anaangalia ukuta. Mgongo kwangu. Kumwita lazima nimguse bega, na sithubutu.

Mteja akaniambia, mwambie nataka mkono mrefu. Nikasema mwambie mwenyewe. Akanuna, akaenda mbele, akaonyesha mkono, akaonyesha urefu. Wakaelewana. Nilidhani itawashinda. Sijui kwa nini nilitaka iwashinde.

Mtoto peke yake ndiye ananiangalia. Nilimwonyesha kwa mikono mbuzi, mvua, kuku wa bibi yake. Mdomo wake ulipinda. Abdi anasema ni gesi.

Jumamosi, 5 Julai

Wani amekuja mchana, mikono imeungua ungua. Alisimama kwenye ukuta, mbele ya Kiden, pale hakuna njia ya kutomwona. Akashika usukani wa hewani. Kiden akasimamisha mashine. Wani akatikisa kichwa, hapana, akauvunja ule usukani, akautupa chini. Halafu akajigonga kifua, akainua mabega. Halafu akakwama. Maneno yake ni kula, maji, njoo, lala, hakuna hata moja linafaa hapo.

Akageuka kuniangalia. Alitaka msaada, uso wote umefunguka. Ilikuwa neno moja tu, la msamaha, ningempa bure. Nikaweka mikono chini ya mapaja, nikaikalia.

Akarudi kwa Kiden. Akajaribu tena kwa vile vidole vinene. Alikosea, nadhani alimwambia kitu cha maji. Kiden akaweka kitambaa pembeni. Akachukua mkono wake, akakunja kidole kimoja, akanyoosha kingine, akausogeza mahali pake. Akamwachia. Wani akarudia. Kiden akamjibu.

Zaidi ya hapo sijui. Mazungumzo ya viziwi unayasikia kwa kuangalia, na yale hayakuwa yangu. Nikageuza kiti changu, nikaangalia barabara. Nilitamani sana kugeuka. Sikugeuka.

Alhamisi, 10 Julai

Mama Wani alipita kumchukua mtoto. Hanisalimii, na hatanisalimia, nimezoea. Akamfungua leso Kiden, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi, "Leta Poni hapa." Akaondoka naye kivulini.

Kiden amekuja leo na kioo, kile cha wateja kujiangalia. Akakipigilia ukutani mbele ya cherehani. Asubuhi wateja wamejiangalia mbele na nyuma.

Mchana hakuna mtu. Niliinua kichwa, nikamkuta kwenye kioo. Ananiangalia. Sijui tangu saa ngapi. Niliweka mikono juu ya meza, nikaiacha hapo.

Akagonga meno yake kwa kidole, mara mbili. Halafu kidole kikarudi, kikakaa mbele, pale ambapo mimi sina jino. Akakiacha kidogo hapo ili nione vizuri. Ndiyo jina langu jipya.

Akarudi kwenye mshono. Mvua ikaanza. Nikafunika earphone.